Utalii Kyela: Nani Atafaidi?

Sisi tuliozaliwa Katumba Songwe na vijiji vya jirani tumezoea kusema kuwa utajiri wa Kyela ni mpunga na kakao. Siku hizi twaambiwa kuna utajiri wa tatu, yaani utalii, kwa sababu ya ufuko wa Matema na Milima ya Livingstone inayoshuka hadi majini. Kabla ya kushangilia, yafaa tuitazame historia.

Wageni si jambo jipya katika Ziwa Nyasa. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika Unyakyusa mwaka 1891. Mwaka 1893 Wajerumani waliishusha majini meli Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire. Meli ile iliwatumikia watawala. Mwenyeji alibaki kuwa mpagazi na mlipa kodi.

Baada ya Uhuru swali lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1970 vijana wa TANU waliokuwa wakisoma Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walianzisha mjadala mkali gazetini: je, mahoteli ya watalii yanamjenga Mtanzania, au yanamfanya mtumishi tu? Hoja hizo zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973.

Kwetu Kyela sehemu ya jibu ipo Ikombe. Wakisi wana ardhi finyu kati ya mlima na maji. Kwa hiyo tangu kale akina mama hufinyanga vyungu na kuvibadilisha kwa chakula. Vyungu husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo hufika mbali. Biashara hiyo haikuanzishwa na mtalii. Aliikuta, akawa mnunuzi mmoja zaidi, na fedha yake huingia mkononi mwa mfinyanzi mwenyewe. Hoteli ya tajiri wa mbali ni tofauti: mshahara wa mhudumu hubaki, faida huondoka.

Basi utalii utaiinua wilaya yetu iwapo wenyeji watakuwa na chao cha kuuza: mchele, samaki, vyungu, vyumba vya kulala wageni. Zaidi ya yote, ardhi ya ufukoni ibaki mikononi mwao. Anayeuza kiwanja leo, kesho atarudi kuomba kazi ya kulinda lango. Nanyi vijana mlioko shuleni, jifunzeni uhasibu, lugha na sheria za ardhi, ili mkaendeshe shughuli hizo wenyewe.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.