Nani Apande Jukwaani? Ngonjera, Vijana na Uchaguzi wa Wachezaji

Lugha yetu haina upungufu wa maneno ya jukwaani. Tuna mchezo, maigizo, kichekesho, ngonjera, majigambo, na tamthilia, ambayo siku hizi vijana huitumia zaidi kwa hadithi za mfululizo za runingani. Lakini nikiulizwa Kiswahili cha lile tendo la kuwaita watu, kuwasikiliza mmoja mmoja na kuamua nani achukue nafasi gani, huanza kusitasita. Wengine husema "usaili", nalo lanukia ofisi na vyeti. Wengine husema "mchujo", na kila aliyewahi kuchuja tui anajua kwamba kinachobaki katika kichujio ni machicha. Katika miaka yangu ya ualimu tulisema tu "kuchagua wachezaji", na mchaguaji alikuwa mwalimu. Nadhani ufinyu huo wa neno una historia yake, nami nimo ndani ya historia hiyo.

Zamani neno lenyewe halikuhitajika. Kigori wa Kizaramo au wa Kimakonde aliingia unyagoni kwa sababu umri wake umefika, si kwa sababu ana sauti nzuri. Humo mlikuwa na nyimbo, mafumbo, ngoma na maigizo ya mambo ya ndoa na ujirani, na hakuna aliyerudishwa nyumbani kwa kuwa hakufaa jukwaani. Kwa wavulana, jando halikuwa tofauti. Tusipake asali, hata hivyo: asiyetaka kuingia naye hakuulizwa. Ninachosema ni kwamba kijana alihesabiwa kuwa mchezaji kwa rika lake, na ufundi ulijitokeza baadaye, uwanjani, pale watu walipomtunza mmoja na kumwacha mwingine.

Shule ndiyo iliyobadili hesabu. Ilileta kitabu, kitabu kikaleta wahusika wenye idadi maalumu, na idadi ikaleta uchaguzi. Ukiwa na wanafunzi arobaini na mchezo wa watu tisa, thelathini na mmoja watakaa chini watazame. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, na baadaye Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kumbeba Shakespeare bila kupinda mgongo. Hakubadili lile la thelathini na mmoja, wala haikuwa kazi yake.

Kisha ikaja ngonjera, na hapa naomba malenga wanivumilie nikae kidogo.

Jina linalohusishwa nayo kuliko yote ni la Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Ushairi wa majibizano tulikuwa nao tangu zamani. Yeye aliutoa kwenye karatasi na magazeti akausimamisha kwa miguu, akawapa watu wawili au zaidi beti za kupokezana kwa moyo, mizani na vina vikiwa mahali pake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 umbo hilo lilipata kazi ya taifa zima. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA, yaani chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, vilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na haukupita muda kila shule ilikuwa na kundi lake. Akija mgeni, ngonjera. Siku ya wazazi, ngonjera. Mara nyingi muundo ulikuwa uleule: mmoja hajui, mwingine anajua, asiyejua hubisha, anayejua humweleza, na mwishoni wote hukubaliana.

Wahakiki wa sanaa za maonyesho waliilaumu ngonjera kwamba ilisimama wima kama mlingoti, mikono ikitikisika bila mhusika wala kisa, na kwamba iligeuka kipaza sauti cha serikali. Nakubaliana nao nusu. Nusu nyingine ni kwamba hawakuwa shuleni kwetu asubuhi ile, mtoto wa mkulima aliyekuwa hajawahi kusikilizwa na mtu mzima yeyote aliposimama mbele ya mkuu wa wilaya, akamaliza beti kumi na mbili bila kukosa kina kimoja. Mimi nilikuwa kando yake. Nilipewa nafasi ya mjuzi kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa. Yeye akapewa ya mjinga kwa sababu hakuwa na viatu. Hakuna aliyetamka sababu hiyo ya pili. Sote wawili tuliijua.

Wakati huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza kufundisha sanaa za maonyesho. Huko ndiko alikotokea Ebrahim Hussein na Kinjeketile yake ya mwaka 1969, akatuonyesha kwamba mhusika wa Kiswahili anaweza kuwa na shaka ndani ya nafsi yake, jambo ambalo mjuzi wa ngonjera hakuruhusiwa kamwe kuwa nalo. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na wenye vipaji wakapata mahali pa kusomea. Lakini lililogusa swali langu zaidi lilitendeka mbali na vyuo, kijijini Malya mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Penina Mlama, ambaye wengi tulimfahamu kama Penina Muhando, mwandishi wa Hatia, alikwenda huko na wenzake wa chuo kikuu bila mchezo mkononi. Waliwauliza wanakijiji matatizo yao, na mojawapo ya yaliyojitokeza lilikuwa mimba za wasichana wadogo. Wanakijiji wenyewe wakalifanyia ngoma na maigizo, kisha wakaketi kulijadili. Katika kazi ya namna hiyo huanzi kwa kutafuta anayefaa kucheza nafasi ya msichana, kwa maana wasichana wenyewe wapo.

Niliyasoma hayo nikiwa tayari mwalimu wa sekondari, nikayasifu, kisha nikaendelea kuchagua wachezaji kama nilivyochaguliwa mimi.

Mwaka 1995 nchi ilikuwa inakwenda katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urudi, nami nikatunga ngonjera ya kuhimiza upigaji kura. Niliwapanga wanafunzi mstari mmoja nikawapa ubeti wa kusoma. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa ameukariri kabla mstari haujamfikia. Alisimama vizuri, alijua mahali pa kupumua, alishusha sauti pale ambapo mimi mwenyewe, mtunzi, sikuwa nimefikiri kuishusha. Ila lugha yake ya kwanza haitenganishi "r" na "l". Alipofika kwenye kibwagizo, "tupige kura" ikawa "tupige kula". Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nalo. Nikamwambia ajaribu tena, akajaribu, likatoka lilelile. Nikamweka mvulana wa pwani, mwenye lafudhi safi na macho ya usingizi. Nilijitetea kwamba nalinda Kiswahili sanifu. Wasomaji wa ukurasa huu mnaujua utetezi huo. Huenda mmewahi kuutumia.

Mwaka uliofuata, 1996, Penina Mlama na Amandina Lihamba, pamoja na wenzao wa idara yao pale chuo kikuu, walianzisha mradi wa Tuseme katika baadhi ya shule za sekondari. Njia yake ilitoka katika kazi kama ile ya Malya, ila safari hii walengwa walikuwa wasichana wa shule. Wasichana hukutana, hutaja yanayowakwamisha masomoni, hutafuta chanzo chake, kisha hutunga onyesho lao kwa wimbo, ngoma, ngonjera, majigambo au igizo, na kulionyesha mbele ya shule nzima, walimu wakiwemo. Onyesho likiisha, watazamaji hujadili, na klabu hubaki kuendeleza yaliyoazimiwa. Baadaye shirika la FAWE liliichukua njia hiyo na kuipeleka katika nchi nyingine za Afrika. Kwa hiyo neno letu dogo, kitenzi kimoja cha dhamira tegemezi, limevuka mipaka likiwa halijafasiriwa, jambo ambalo mashairi yetu mengi hayajajaliwa.

Shule yangu haikuwa katika mradi wenyewe. Mwalimu mwenzangu wa kike aliisikia njia hiyo, akaileta mwaka 1998 kwa kiasi alichokielewa. Hakuniomba nichague mtu. Nilialikwa tu kukaa kwenye benchi la nyuma.

Wasichana walionyesha safari ndefu ya kutoka nyumbani, foleni ya maji, na mengine mazito ambayo si yangu kuyasimulia hapa. Katikati wakaweka onyesho fupi la darasani. Aliingia mwalimu wa Kiswahili, chaki nyuma ya sikio kama nilivyozoea, akawapanga wenzake mstari mmoja na kuwataka waseme neno moja kila mmoja. Mwalimu huyo aliigizwa na yule msichana, sasa wa kidato cha nne. Kila aliyekosea aliondolewa kwa kidole. Mwishowe mstari ukaisha, akabaki peke yake, akaigeukia hadhira na kusema kwa sauti yangu hasa, mwendo wangu hasa: "Basi, tupige kula." Ukumbi ulilipuka. Mara hii hawakuwa wakimcheka yeye.

Mjadala ulipofunguliwa, mwongozaji aliuliza kama kuna mwalimu mwenye neno. Nilisimama, nikasema kwamba mwalimu yule ninamfahamu, na kwamba ningependa kumwomba radhi binti aliyemwigiza. Akaitikia, "Ahsante, mwalimu," kwa adabu, bila kutabasamu.

Muhula uliofuata nilibandika karatasi mlangoni pa maktaba: anayetaka kuigiza aje Alhamisi saa kumi alasiri. Walikuja arobaini na mmoja, na mchezo nilioandaa ulikuwa wa watu tisa. Niliuweka kando, tukakaa chini ya mwembe, nikawauliza wao wanataka kusema nini.