Ogaden 1977: Marafiki Walipohama Kambi

Hadi mwanzoni mwa 1977 kila mtu katika Pembe ya Afrika alijulikana yuko upande gani. Ethiopia ilipata silaha kutoka Marekani, nayo Marekani ikawa na kituo cha kunasa mawasiliano cha Kagnew, Asmara. Somalia ya Siad Barre ilitia saini mkataba wa urafiki na Moscow mwaka 1974, na manowari za Kisovieti zikatia nanga Berbera. Kabla mwaka 1977 haujaisha, mambo yalipinduka. Februari Rais Carter alipunguza msaada kwa Ethiopia kwa sababu ya mauaji ya Derg, utawala wake wa kijeshi. Aprili Mengistu, kiongozi wa Derg, akaifunga Kagnew. Julai majeshi ya Somalia yakavamia Ogaden, eneo la Ethiopia wanakoishi Wasomali. Novemba Siad Barre, akiona Moscow imeegemea Addis Ababa, akawafukuza Wasovieti. Ndege zao zikaanza kumiminia Ethiopia vifaru na mizinga, Wakuba wapatao 15,000 wakafika, na Jenerali Vasily Petrov akasimamia vita dhidi ya jeshi ambalo nchi yake ndiyo iliyolifunza. Machi 1978 mji wa Jijiga ulikombolewa, na Somalia ikarudi nyuma.

Wapo watakaosema ugomvi huu haukuletwa na mataifa makubwa. Ni kweli. Menelik aliitwaa Ogaden mwishoni mwa karne ya 19, na Uingereza ikairudisha kwa Ethiopia bila kuwauliza Wasomali waliokuwa wakichunga mifugo humo. Kenya, ambayo ilikuwa rafiki wa nchi za Magharibi, ilisimama na Ethiopia hata baada ya Mengistu kuhamia Moscow, kwa kuwa haikuwa imesahau vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga kaskazini mwake. Lakini mwaka 1964 Ethiopia na Somalia zilipigania mpaka huohuo, na baada ya wiki chache zikasimamisha mapigano kwa usuluhishi wa Sudan. Madai hayakubadilika katika miaka 13 iliyofuata. Kilichobadilika ni ghala: Siad Barre alikuwa na vifaru na ndege za MiG ambazo uchumi wa wafugaji usingeweza kuzinunua kamwe, na zilimfanya aamini kwamba vita vinaweza kumaliza alichoshindwa kukipata mezani.

Hoja nzito zaidi ni kwamba bila Moscow Ethiopia ingepoteza sehemu ya nchi yake. Huenda. Ila mpaka uliposalimika, silaha zile hazikurudi stoo. Ziligeuzwa dhidi ya waasi wa Eritrea na Tigray, na mwaka 1991, mkono wa Moscow ukiwa umeshalegea, Mengistu akakimbilia Zimbabwe. Somalia nayo ilikuwa imewapa Wamarekani Berbera tangu 1980. Urafiki huo mpya haukuwalinda Wasomali dhidi ya serikali yao. Mwaka 1988 ndege za kivita za Siad Barre ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa, zikaupiga mabomu mji wa Hargeisa, kisha zikatua palepale kupakia mengine.