Nguzo Sita za Mtaa wa 13

Katika jiji la New York, upande wa magharibi wa mtaa wa 13, kitongoji cha Greenwich Village, kuna jengo ambalo mgeni akilitazama kwa mbele atasema ni kanisa. Lina nguzo sita nene zilizosimama safu moja, zikibeba paa lenye uso wa pembetatu. Mgeni huyo hatakuwa amekosea sana. Lilijengwa mwaka 1847 na usharika wa Wapresbiteri, likawa nyumba ya ibada kwa zaidi ya miaka 120. Lakini tangu mwaka 1982, nyuma ya nguzo hizo zimo fleti 15. Watu wanalala mle, wanapika, wanalea watoto.

Sisi tuliozoea kuchangia bati na saruji, na kusubiri miaka mpaka mnara ufike juu, habari ya kanisa kugeuzwa makao ya watu hutushtua. Tunauliza haraka: waumini walikwenda wapi? Kabla ya kufika huko, tulitazame jengo lenyewe, maana lina mengi ya kusema.

Ramani yake huhesabiwa kuwa kazi ya Samuel Thomson, na sehemu ya mbele inafuata hekalu la Hefaisto lililoko Athens, la karne ya 5 kabla ya Kristo, ambalo nalo lina nguzo sita mbele. Ni nguzo za Kidoriki, zile sahili kuliko zote za Wagiriki: kichwani hazina majani wala maua. Waamerika wa wakati ule waliupenda sana mtindo huo. Wagiriki walikuwa wameanza kupigania uhuru wao mwaka 1821, na Marekani, jamhuri bado changa, ilipenda kujiona ndugu wa Athens ya kale. Hata jengo la forodha la Wall Street, lililomalizika mwaka 1842, lilipewa nguzo kama hizo.

Hata hivyo, kufikia mwaka 1847 upepo ulikuwa umegeuka. Mwaka mmoja tu kabla, makanisa mawili makubwa ya jiji hilo, Trinity na Grace, yaliwekwa wakfu, yote mawili kwa mtindo wa Kigothi wenye matao ya ncha kali na minara mirefu. Wapresbiteri wenzao wa First Presbyterian, umbali wa kutembea kwa miguu, nao walikuwa wamejenga Kigothi. Usharika wa mtaa wa 13 ukachagua kilichokuwa kinaanza kuitwa cha zamani. Tunaona walichagua vema. Watu ambao kiini cha ibada yao ni Neno linalosomwa na kuhubiriwa wanahitaji kwanza ukumbi mmoja wa wazi, ambamo wote wanasikia.

Ni kweli kwamba hekalu lile la Athens lilikuwa la mungu wa wahunzi. Lakini Wakristo walilichukua karne nyingi zilizopita wakalifanya kanisa la Mtakatifu George, likatumika hivyo mpaka miaka ya 1830. Kwa hiyo waliojenga New York hawakuwa wa kwanza kumwabudu Kristo nyuma ya nguzo sita za namna hiyo. Nasi tusijifanye wageni wa mambo haya: kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Mahali hubadilika kazi, na si kila badiliko ni la kulilia.

Kanisa la mtaa wa 13 liliungua mwaka 1855. Likajengwa tena kwa sura ileile. Likaungua tena mwaka 1902, na likajengwa tena, bado kwa sura ileile, ingawa kufikia hapo mtindo ule ulikuwa mambo ya babu zao, na hakuna ambaye angewalaumu kwa kujenga kitu kingine. Watu wanaorudisha nguzo zilezile mara ya pili baada ya moto wanajua wanachokitaka.

Mchungaji wake wa miaka mingi katika karne ya 19 alikuwa Samuel Burchard. Huyu anakumbukwa kwa jambo ambalo pengine angependa lisahauliwe. Mwaka 1884, akiwa ameshaondoka pale, alisimama kumuunga mkono James Blaine aliyegombea urais, akawashutumu wapinzani kwa ulevi, Ukatoliki na uasi, yote kwa pumzi moja. Wakatoliki wakakasirika. Blaine akashindwa jimbo la New York kwa tofauti ya kura zisizofika 1,200, na jimbo hilo ndilo lililoamua uchaguzi. Wengi waliona kwamba ulimi wa Burchard ndio uliomponza.

Karne iliyofuata, nyumba hiyo ilisikia maneno ya namna nyingine. Mwaka 1954 mchungaji Jesse Stitt alikubaliana na rabi Irving Block, ambaye usharika wake mpya wa Kiyahudi haukuwa na mahali pa kusalia, watumie nyumba moja. Haikuwa habari ya mpangaji na mwenye nyumba. Waliiita agano la udugu, na sinagogi lenyewe likaitwa la Udugu. Sabato ilikuwa ya Wayahudi, Jumapili ya Wakristo, na Zaburi zilisomwa siku zote mbili chini ya dari moja. Hii ilikuwa miaka tisa tu baada ya kambi za mauaji za Ulaya kufunguliwa. Waliodumu hivyo karibu miaka 20 walifanya jambo kubwa.

Stitt hakuwapo tena ilipotokea vita ya Oktoba 1973 kati ya Israeli na majirani zake. Pande mbili za nyumba zikatofautiana juu ya vita hiyo, na maneno yakawa makali. Agano likavunjika. Wayahudi wakahama. Usharika wa Wapresbiteri, uliokuwa umebaki mdogo, haukudumu muda mrefu baada ya hapo, nao ukavunjwa. Safari hii hakukuwa na moto wowote. Nguzo zote sita zilikuwa zimesimama.

Na hazikuweza kubomolewa, kwa kuwa mwaka 1969 jiji lilikuwa limeiweka sehemu kubwa ya kitongoji chini ya sheria ya kulinda majengo ya kale. Sheria hiyo huangalia sura inayoonekana kutoka mtaani. Ndani ni habari nyingine: pale palipokuwa na ukumbi mmoja wa kusikilizia Neno, pakagawanywa vyumba, na kila mwenye fleti ana ufunguo wake. Jengo likaitwa Portico Place, kwa kulitaja baraza lake la nguzo.

Sinagogi la Udugu lilipata nyumba nyingine karibu na bustani ya Gramercy. Ilijengwa mwaka 1859 na Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, wanaokaa kimya katika ibada mpaka mmoja wao apewe la kusema. Wayahudi waliikuta tupu, wakaitengeneza, na wanasali humo mpaka leo.