Nyota za Ziwa Mweru na Vipimo Vyake

Tarehe 8 Novemba, mwaka wa 1867, Daktari David Livingstone alilifikia Ziwa Mweru, baada ya kusafiri pamoja na wafanya biashara Waarabu na Waswahili wa Unguja. Usiku alikuwa akitazama nyota kwa chombo cha kupimia pembe. Kwa kupima kimo cha nyota angani, msafiri hujua yuko mbali kiasi gani na ikweta. Nchelenge, kwa mfano, iko digrii 9 na theluthi kusini. Lakini kujua mahali kwa upande wa mashariki na magharibi kulihitaji saa iliyo sahihi, na saa zake zilikuwa zimeharibika mwendo tangu Januari ya mwaka ule, mchukuzi alipoanguka nazo. Nyota hazikumdanganya, saa ndizo zilizompoteza.

Elimu hiyo Livingstone aliipata mwaka wa 1852 kwa Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha falaki cha Rasi ya Tumaini Jema. Maclear naye alishughulika na swali kubwa zaidi: nyota zenyewe ziko mbali kiasi gani?

Njia ya kulijibu yaweza kufahamiwa na kila mvuvi wa Mweru. Akiutazama mtumbwi ulio ziwani, na nyuma yake kisiwa cha Kilwa, kisha akatembea ufukoni na kuutazama tena, ataona kama kwamba mtumbwi umesogea mbele ya kisiwa. Kadiri mtumbwi ulivyo karibu, ndivyo uonekanavyo kusogea zaidi. Basi wanafalaki huitazama nyota, wakangoja miezi 6 hata dunia ivuke upande wa pili wa jua, mwendo wa kilomita milioni 300, kisha wakaitazama tena. Mwaka wa 1832 na 1833, Thomas Henderson, aliyemtangulia Maclear pale Rasi, aliipima hivyo Alfa Sentauri, nyota ing'aayo karibu na Msalaba wa Kusini. Pembe yake ni ndogo mno, karibu sehemu 1 katika 3,600 ya digrii. Habari hiyo ilitangazwa mwaka wa 1839, na Maclear akaendelea kuihakikisha. Nuru ya nyota ile husafiri zaidi ya miaka 4 hata kutufikia.

Umbali ukijulikana, mengine hufunguka. Shira huonekana kung'aa kuliko Suheli. Lakini Shira iko mwendo wa miaka 9 hivi ya nuru, na Suheli zaidi ya 300. Kwa hiyo Suheli ndiyo yenye nguvu zaidi, ikilishinda jua maelfu ya mara. Joto nalo hutambulikana kwa rangi, kama chuma katika moto wa mhunzi: nyota nyekundu ina joto dogo kuliko nyeupe. Na uzito hupimwa kwa nyota mbili zinazozungukana. Mbili kubwa za Alfa Sentauri humaliza mzunguko mmoja kwa miaka 80 hivi.

Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa mwaka wa 2013 na kumaliza kazi yake ya kupima Januari 2025, kilipima karibu nyota bilioni 2 kwa njia ile ile ya Henderson.

Basi atazamaye Suheli usiku akiwa Nchelenge, ajue ya kuwa nuru imfikiayo ilianza safari kabla Livingstone hajazaliwa.