Mji huu unatuhusu: matembezi yetu ya historia hapa Bujumbura



Kuna swali tunaulizwa kila tukisema Jumamosi tunaenda kutembelea sehemu za historia: "Nyinyi ni wakimbizi, historia ya huku inawahusu nini?" Wengine wanauliza kwa utani, wengine kwa ukali kidogo. Hata sisi kwa sisi kuna wanaosema: tuko hapa tunangoja tu, kesho HCR itatuita, tutaenda Marekani au Kanada, ama tutarudi nyumbani Kongo. Ya nini kujifunza mji wa watu?

Leo tunataka kujibu swali hilo vizuri.

Tuanze mbali kidogo. Nairobi, mwaka 1909, watu waliopenda mambo ya wanyama na mimea waliunda chama. Mwaka uliofuata, 1910, wakafungua makumbusho madogo ya kuweka vitu walivyokusanya. Hapo ndipo mwanzo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa hiyo chama kilitangulia, jengo likafuata. Baadaye, mwaka 1971, kikazaliwa chama cha marafiki wa makumbusho hayo, kinaitwa Kenya Museum Society. Wanaita watu waje kusikiliza mazungumzo, wanapanga safari za kutembelea maeneo ya historia, wanachangisha pesa za kusaidia makumbusho, na wana jarida lao, Kenya Past and Present.

Uganda nako ni hivyo hivyo. Makumbusho ya Kampala yalianza 1908. Mwaka 1923, pale Entebbe, kikaanza chama cha watu wa kusoma na kujadiliana ambacho baadaye kiliitwa Uganda Society. Maktaba yao iliwekwa ndani ya jengo la makumbusho.

Lakini tuseme ukweli. Vyama vile vya mwanzo vilikuwa vya wazungu. Mwafrika alikuwa mtu wa kubeba mizigo, wa kuonyesha njia, wa kuleta kitu halafu jina lake lisiandikwe. Baganda waliyaita yale makumbusho ya kwanza Enyumba ya Mayembe, maana yake nyumba ya vitu vya mizimu na uganga. Walikuwa wanaona vitu vya dini ya babu zao vimefungiwa mle. Kwa hiyo kukutana na kutembea pamoja ni kuzuri, ila lazima kila mara tuulize: nani anasimulia, na nani ameachwa nje ya hadithi?

Hapa Burundi tuna Makumbusho ya Taifa kule Gitega, yaliyoanzishwa 1955 wakati wa Wabelgiji. Bujumbura tuna Musée Vivant, ya mwaka 1977, karibu na ziwa. Watoto wanaipenda sana kwa sababu ya mamba na nyoka, na kuna nyumba ya kienyeji iliyojengwa kama rugo la zamani. Sisi tunashauri kila kijana mgeni aende. Ila mtoto aliyetoka Uvira au Fizi akitoka mle ndani, atakuwa ameona mambo ya wafalme na ya wanyama. Watu waliovuka ziwa na mto wakaja kuujenga mji huu, itabidi awatafute barabarani. Ndiyo maana sisi tunatembea.

Sehemu ya kwanza tunayoipenda ni Mugere, kusini ya mji, upande wa barabara ya Rumonge. Pale kuna jiwe kubwa limeandikwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Watu wengi wanasema eti hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Hapana, walikutana Ujiji, Tanzania ya leo. Kutoka Ujiji wakapanda mtumbwi wakaja huku kaskazini kutafuta jibu la swali lililokuwa linawasumbua wasomi wa Ulaya: mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka, basi pengine maji ya Tanganyika yanakwenda mpaka Nile. Wakafika, wakaona: unaingia.

Sasa fikiria. Watu wa kando ya Rusizi walikuwa wanakunywa maji yale kila siku. Walijua mto unaelekea wapi mbele ya mzungu yeyote kuuliza. Na ule mtumbwi haukujipiga makasia wenyewe. Kulikuwa na wapiga makasia, mpishi, mkalimani, na wenyeji wa Ujiji waliojua njia ya ziwa. Jiwe lina majina mawili tu. Tukifika pale tunawaambia wenzetu: wale wengine ndio wanaofanana na sisi. Walitoka kwingine, walijua lugha zaidi ya moja, na bila wao safari isingefika.

Halafu tunarudi mjini, tunaingia Buyenzi, na hapo ndipo tunakaa muda mrefu kuliko pote.

Mji huu ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani, mwishoni mwa miaka ya 1890. Ulikuwa unaitwa Usumbura. Jina la Bujumbura limekuja na uhuru, mwaka 1962. Askari, wapagazi, wachuuzi na mafundi wa mwanzo, wengi wao walitoka nje: Ujiji, Tabora, pwani, na ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Lugha yao ya kuelewana ilikuwa Kiswahili. Wabelgiji walipouchukua mji mwaka 1916 na kuupanga, Waafrika wa mjini walitengewa mitaa yao, na Buyenzi ukawa mtaa wa Waswahili. Mpaka leo ukimuuliza mtu wa Buyenzi anakaa wapi, anakutajia namba ya avenyu.

Kwa hiyo ukiwa kwenye bisi ukasikia mtu ananong'ona "hawa wanaongea Kiswahili, ni wageni", jua kwamba Kiswahili kimekaa hapa miaka mingi kuliko hilo jina la mji. Tunajua pia kuna watu wanaotumia neno "Mswahili" kumaanisha mjanja au muongo. Dawa yake si kugombana. Dawa ni kujua nini kilifanyika Buyenzi.

Mfano, wamama wa Buyenzi. Miaka ya 1950 serikali ya Wabelgiji ilikuwa inatoza kodi wanawake wa mjini waliohesabiwa kuwa hawana mume. Kodi yenyewe ilikuwa na harufu ya tusi, maana ilimchanganya mjane, mwanamke aliyeachika, na malaya, wote fungu moja. Tena ndoa ya mke wa pili, ambayo kwa Waislamu ni halali, serikali haikuitambua. Mwanamke mwenye mume wake na heshima yake akajikuta anaandikwa kama hana mtu. Wamama Waislamu wa Buyenzi wakakataa. Walipaza sauti, wakalalamika wazi mpaka wakuu wakalazimika kusikia. Hawakuwa na chama kikubwa wala wakili. Walikuwa na majirani.

Mfano mwingine, Mwanamfalme Louis Rwagasore. Alipokuwa anajenga chama cha UPRONA kutafuta uhuru, alipata wafuasi wengi Buyenzi, wakiwemo Waislamu na wachuuzi ambao wakoloni waliwahesabu kama watu wa kuja. Alishinda uchaguzi Septemba 1961, akapigwa risasi tarehe 13 Oktoba mwaka uleule, kwenye hoteli kando ya ziwa. Kaburi lake liko juu mlimani na kutoka pale unaona mji wote. Tukiwa kule juu huwa tunawaonyesha vijana: ile ni Buyenzi, kule mbele ya milima ya bluu ni kwetu.

Na ilipokuja vita baada ya Oktoba 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika kwa kabila. Watu walifukuzwa, waliuawa. Buyenzi ilibaki mtaa wa mchanganyiko, na waliokimbia kutoka mitaa mingine walipata pa kujificha pale. Hilo wazee wa pale wanalisema kwa sauti ya chini, bila kujisifu. Mtaa wa "watu wa kuja" ndio uliowapokea wenyeji.

Kuna sehemu moja ya mwisho. Huko hatuendi kwa furaha. Ni Gatumba, kwenye barabara ya kwenda Uvira. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao Banyamulenge, walishambuliwa ndani ya kambi yao. Waliuawa watu zaidi ya 150, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Kila mwaka ndugu zao wanakumbuka siku ile, hapa na ng'ambo za mbali. Tukifika Gatumba hatutoi hotuba. Hatuchokonoi nani ni kabila gani, maana kati yetu kuna Wafuliru, Wabembe, Banyamulenge, Wavira na wengine. Tunasimama, tunanyamaza, tunaondoka pamoja. Wengi wetu tulipita barabara hiyohiyo. Na mwaka 2025 maelfu na maelfu wamevuka tena Rusizi. Hapo swali la "historia inawahusu nini" linapotea lenyewe.

Sasa maneno mawili kwa ndugu zetu wa mashirika. Semina mnatupa nyingi, tunashukuru. Ila kijana anayekaa mwaka wa tano au wa kumi akingoja anahitaji kitu kinachomwambia kwamba leo yake ina maana. Matembezi ya namna hii hayana gharama kubwa: nauli ya bisi, maji ya kunywa, na mzee anayejua kusimulia, naye apewe heshima yake na soda yake. Vijana wa Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu na Nyankanda wanaweza kufanya hivyo na wenyeji wa karibu na kambi zao. Kitu kimoja cha kusaidia ni ruhusa ya kutoka kambini na karatasi ziwe sawa mapema, mtu asirudishwe kwenye barrière.

Na kwenu vijana wenzetu. Beba daftari. Muulize mzee jina lake na uliandike vizuri, kama anakubali. Usimkatize. Sikiliza Kirundi chake hata kama unaelewa nusu, mwenzako atakusaidia nusu nyingine. Siku ukipanda ndege, au ukirudi Kongo, utaondoka na habari za mji uliokupokea, na utaweza kuwasimulia watoto wako kwamba uliishi hapa, hukungoja tu.

Jumamosi ijayo ni Buyenzi tena. Karibuni, na wenyeji pia karibuni sana.