Kabla ya Programu Kulikuwa na "Mambo?"

Wasee, kila wiki kuna mtu anatangaza programu mpya ya simu: ya kuacha pombe, ya kuacha kamari, ya kutuliza akili. Zote zinajiita kitu kipya. Si kipya. Hebu turudi nyuma kidogo.

Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara Mmarekani, alikuwa amekwama hotelini mjini Akron, Ohio. Dili imeharibika, baa iko pale pale, na ameacha pombe miezi mitano tu. Akashika simu, akaanza kupigia makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Simu hizo zikamfikisha kwa daktari Bob Smith, na hapo ndipo Alcoholics Anonymous ilianzia. Mwaka wa 1953, kasisi Chad Varah naye akaanzisha Samaritans kule London: ukifikiria kujiua, unapiga simu, mtu anakusikiliza.

Sasa njoo hapa kwetu. Enzi za mulika mwizi, kati ya 2007 na 2008, utafiti wa WelTel uliandikisha watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, katika kliniki tatu, Pumwani na Kajiado zikiwemo. Karibu nusu yao walitumiwa meseji moja kila wiki: "Mambo?" Unajibu "Sawa" ama "Shida" ndani ya saa 48. Ukisema shida, ama ukinyamaza, mhudumu wa kliniki anakupigia. Matokeo yalitoka 2010: waliopata meseji, asilimia 62 walimeza dawa vizuri; wengine, asilimia 50.

Mimi naona siri haikuwa meseji. Siri ni ile simu ya kurudi. Kunyamaza pia kulihesabiwa kuwa jibu.

Hapo ndipo programu nyingi za leo zinaniangusha. Kijana anatoka kituo cha kurekebisha tabia, anarudi mtaa ule ule, kwa maboyz wale wale. Nauli ya kwenda kuona mshauri kila wiki hana. Simu anayo. Lakini akizima arifa siku tatu, hakuna mtu anashtuka.

Laini ya bure ya NACADA, 1192, ipo, na upande wa pili kuna binadamu. Itumieni. Lakini hiyo inangoja wewe upige, na mtu aliyezama huwa hapigi.

Kwa hivyo mkiletewa programu nyingine, msiulize ina rangi gani. Ulizeni: nikinyamaza, nani atanipigia?