Wageni Wetu wa Kaboya



Kila mwaka kijarida hiki hutusomea mapato na matumizi: madarasa yaliyoezekwa, madawati yaliyonunuliwa, ahadi zilizolipwa na ambazo bado. Mimi ni mhasibu, na kurasa hizo ndizo ninazoanza nazo. Mwaka huu nimeomba ukurasa mmoja nieleze deni ambalo halimo katika vitabu vya chama. Deni hilo liko Kaboya.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Inakadiriwa kuwa raia wapatao 1,500 waliuawa, na maelfu walikimbilia kusini na watoto mgongoni. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia Taifa kwamba tutapigana.

Jeshi letu wakati huo lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Katika wiki chache lilipita 150,000, kwa kuongezewa mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Walitoka kila mkoa. Wengi wao walikuwa hawajawahi kufika huku kwetu wala kusikia Kihaya. Januari 1979 walitwaa Mutukula, Februari wakaingia Masaka, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Mwaka huohuo mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera.

Mamia ya askari hao hawakurudi makwao. Wamelala Kaboya, wilayani kwetu, penye mnara mweupe ulioandikwa majina yao. Si wote waliokufa kwa risasi. Wapo waliokufa kwa ajali za vita. Mnara hautengi huyu na yule. Kila mmoja ameandikwa jina lake.

Sisi wa Buhaya tunajua uzito wa jambo hilo. Kwetu mtu huzikwa katika kibanja cha ukoo wake, chini ya migomba aliyoikuta na aliyoiongeza, ili wajukuu wapite kaburini kila siku bila kufunga safari. Anayekufa mbali, ukoo hujichanga mpaka arudishwe. Vijana wa Kaboya hawakurudishwa vibanjani mwao, na wengine mama zao hawakupata nauli ya kuja kuona kaburi. Kwa mila yetu, mgeni aliyefia nyumbani kwako ni maiti wako. Msiba wake ni wako.

Taifa lina namna yake ya kuwakumbuka. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani huweka shoka. Mwaka 2013 siku hiyo iliadhimishwa Kaboya, na Rais Kikwete, ambaye mwenyewe ni Luteni Kanali mstaafu, alifika.

Katika heshima hizo, mbili hunigusa zaidi. Shada la balozi ni heshima ya mtu asiyemjua marehemu wala lugha yake, lakini amevua kofia. Shoka ni heshima ya aliyekuwa naye. Mzee mmoja wa kata yetu, aliyekwenda vitani akiwa mgambo, hupitisha kidole kwenye majina ya mnara mpaka alifikie moja. Ukimuuliza habari za marehemu, hakuambii alivyopigana. Anakuambia kwamba alikuwa mtu wa Singida, kwamba alikuwa akikoroma, na kwamba ndizi za kupika zilimshinda siku ya kwanza, ya tatu akaomba aongezewe. Mnara unatunza jina. Anayejua jina hilo lilikuwa la mtu wa namna gani ni mzee huyu.

Na wazee hao wanaondoka. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Kila mmoja tunayemzika anakwenda na watu watatu au wanne wa Kaboya ambao hakuna mwingine anayewakumbuka. Sisi tuliozaliwa baada ya vita tumezirithi amani na barabara bila kuuliza bei yake. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba risiti ikishapotea, aliyelipa hana namna ya kuonyesha kwamba alilipa.

Kwa hiyo ninaleta ombi kwenye mkutano mkuu. Katika mchango wa mwaka huu, tutenge fungu dogo, dogo kuliko bei ya madawati ya darasa moja, tununue madaftari na vinasa sauti. Wanafunzi wa sekondari zetu, wakiwa na mwalimu wao wa historia, wawatembelee wapiganaji wa zamani, wajane, na wazee waliowapokea wakimbizi na kuwapikia askari. Wawaulize: ulimjua nani aliyelala Kaboya? Alitoka wapi? Alipenda nini? Majibu yaandikwe, nakala moja ikae shuleni na nyingine ipelekwe wilayani. Siku mjukuu kutoka Singida, Mtwara au Pemba atakapofika kumtafuta babu yake, akute zaidi ya jina.

Anayeweza kutoa fedha, atoe. Asiye nazo, na ana baba au mama mwenye kumbukumbu, ampigie simu wiki hii na aandike atakayoambiwa. Mchango huo pia tutauingiza kitabuni, na jina la aliyeutoa litasomwa kwenye mkutano kama mengine.